Nukta Iliyosimama

Mtu aliyezoea kurusha harusi mtandaoni ana imani moja isiyotikisika: bibi harusi hatokei kichakani. Anakuja kwa njia, njia ina mwanzo na mwisho, na mpiga picha mwenye akili hutega kamera zake kando ya njia hiyo mapema, akakaa mguu sawa. Baba Kiguu alikuwa mpiga picha mwenye akili. Ndiyo maana asubuhi ile, kwenye mashindano ya mbio za ramani ambayo hakuwahi kuyaona maishani mwake, aliburuta nyaya zake zote mpaka kwenye barabara ya vumbi iliyoukata msitu, akamsimamisha mdogo wake hapo na kamera kubwa, akamwambia, "Wakitokea tu, washike usoni."

Hawakutokea. Wakimbiaji waliondoka mmoja mmoja pale mstarini, kila mmoja akakabidhiwa ramani yake palepale, akaitupia jicho, akaingia msituni na kutoweka. Barabara ya vumbi ikabaki tupu. Watu waliokuwa wakitazama mtandaoni walionyeshwa barabara, kisha barabara, kisha mbuzi.

"Shemeji," Mama Kiguu aliita kwenye redio ya mkononi, "hujaona hata mmoja?"

"Nimeona mbuzi, shemeji."

"Mbuzi tumemwona sote."

Mama Kiguu alikuwa ameketi chini ya turubai na kipaza sauti mbele yake, ubavuni mwa mumewe na kompyuta zake mbili. Ukumbini mama huyu hana mpinzani. Ana sauti ya kuwainua wazee vitini, na harusi iliyopooza huitia uhai kabla wapishi hawajamaliza kupanga sahani. Lakini utani wa ukumbini unamhitaji shangazi mwenye kofia ya ajabu, au mpambe anayelia kabla ya wakati. Hapa kulikuwa na miti. Alikuwa ameshaisifu mara mbili na akili ilikuwa imeanza kumwishia.

Kazi hii waliletewa na binti yao mwenyewe. Tangu alipoanza kutembea, bibi yake mzaa baba alimwita Kiguu, kwa sababu alikuwa kiguu na njia, nyumbani hakamatiki, na jina likamganda hata wazazi wakaitwa kwalo. Sasa alikuwa msichana wa chuo, na mchezo wake ulikuwa huu: unapewa ramani na dira, unaambiwa kuna vibendera vimetegwa msituni, uvitafute kwa mpangilio wake, njia ni shauri lako, na atakayewahi kumaliza ndiye bora. Mama Kiguu aliuita mchezo wa kupotea kwa makusudi. Hakuwahi kwenda kuutazama. Siku zote palikuwa na harusi ya mtu. Leo wakimbiaji wa mbele wangechukuliwa timu ya taifa, chama kikataka dunia nzima ione, na Kiguu akawaambia viongozi bila kupepesa macho kwamba mafundi wa mambo hayo ni wazazi wake.

Kiongozi wa mashindano, mama mmoja mwembamba mwenye filimbi shingoni, alikuja kuchungulia kompyuta. Aliitazama ile barabara tupu kwa muda.

"Nani aliwaambia watapita njiani?"

"Sasa watapita wapi?" Baba Kiguu aliuliza.

"Popote," yule mama alisema. "Ndio mchezo wenyewe." Akaenda zake, na Baba Kiguu akajifanya anakaza skrubu.

Kilichowasetiri ni nukta. Kila mkimbiaji alikuwa amevaa mgongoni kifaa kidogo kilichotuma habari za mahali alipo, na kwenye kompyuta ramani ya msitu ilijaa nukta za rangi zikitambaa kama sisimizi. Mama Kiguu akaanza kutangaza nukta. "Kijani inapinda! Njano inaifuata... haifuati, imekataa, imeshika njia yake!" Watazamaji wakaanza kuongezeka, wakaandika vichekesho, wakachagua kila mtu nukta yake. Nukta nyekundu ilikuwa ya Kiguu, na kila mama yake alipoanza kuisema alizisahau nyingine zote.

"Wapo na wengine," mumewe alimnong'oneza.

"Hao wana mama zao."

Alisema hivyo, kisha akaisogelea kompyuta, kwa sababu nukta nyekundu ilikuwa imesimama. Palikuwa mahali penye vistari vingi vya buluu. Nyingine ziliendelea kutambaa, moja ikapita juu yake, moja ikapita chini yake, yenyewe ikabaki palepale.

"Hivi vya buluu ni nini?" alimuuliza mumewe, amefunika kipaza sauti kwa kiganja.

"Maji, nadhani."

"Unadhani?"

Akaendelea kutangaza, lakini jicho lake lilikuwa limeganda kwenye ile nukta. Akataja kijani, akataja njano, akarudi nyekundu. Ikawa nyekundu tu. Alikuwa bado anaisema pale ramani ilipoganda, kamera ya barabarani ikazimika, na nyingine iliyotegwa mwisho wa mbio ikafuata. Watu waliojaa uwanjani na simu zao walikuwa wameumaliza mtandao wote uliofika bonde lile.

*

"Usihangaike," Baba Kiguu alisema, akiwa na utulivu wa mtu aliyeshuhudia umeme ukikatika keki ikikatwa. "Picha zikikatika, mfumo wenyewe unaweka picha ya kusubiri, na muziki. Watu wanasubiri kwa raha zao."

Ndivyo walivyofanya kwenye harusi zote. Mtandao ukilegea, watazamaji wanawekewa picha nzuri ya maharusi, wimbo laini chini yake, na hakuna anayelalamika. Wao waliokaa turubaini hawakuweza kuiona picha hiyo; ilikuwa inatoka kwenye kompyuta ya mbali ya kampuni iliyowakodishia huduma, na ukurasa wake sasa haukufunguka kabisa. Kilichopenya ni maneno ya watazamaji tu, yakiingia mojamoja kwenye simu ya Baba Kiguu kwa kusuasua.

*Poleni sana.*

"Unaona?" Baba Kiguu alifurahi. "Watu waungwana." Akaandika: *Asanteni, tunashughulikia, tutarudi punde.*

*Poleni wazazi. Mungu awatie nguvu.*

"Siku hizi watu wana adabu," alisema, akaandika tena: *Asanteni sana. Ni mambo ya kawaida katika kazi hii.*

Mama Kiguu hakuwa akimsikiliza. Alikuwa akiitazama ramani iliyoganda, na ile nukta nyekundu katikati ya buluu. Simu yake ikaita. Alikuwa jirani yao, wanayetenganishwa naye na ukuta mmoja, ambaye leo alikuwa amekwenda kukaa na Bibi ili wamtazame mtoto pamoja. Alikuwa analia.

"Mama Kiguu! Jamani, limetokea saa ngapi?"

"Limetokea nini?"

"Usinifiche, mwenzangu. Tumeona wenyewe."

"Mmeona nini? Huku sisi hatuoni chochote."

"Picha ya mtoto. Na mshumaa."

Mama Kiguu akaishusha simu taratibu. "Baba Kiguu," alisema, "picha ya kusubiri ni ipi?"

Mumewe alifungua mdomo amjibu, na hapohapo akakumbuka. Kazi yao iliyotangulia haikuwa harusi. Ulikuwa msiba wa mwalimu mmoja mstaafu, ambaye watoto wake walikuwa ng'ambo na hawakuwahi kufika. Aliwawekea fremu nyeusi, mshumaa unaowaka pembeni, na kinanda cha taratibu. Jana alikesha akiingiza picha za wakimbiaji wote, nzuri, zenye kutabasamu, ili mfumo uwe unamleta yeyote anayetangazwa. Fremu hakuigusa. Haikumjia akilini. Na aliyekuwa akitangazwa mtandao ulipokatika ni mmoja tu, kwa sababu mama yake hakutaka kusema habari za mwingine.

"Iondoe," Mama Kiguu alisema.

"Haitoki. Ukurasa haufunguki. Nimejaribu, sio kwamba..." Alikuwa akibonyeza na kubonyeza, jasho likimchuruzika mpaka kidevuni.

Simu bado ilikuwa wazi. Mama Kiguu akairudisha sikioni. "Bibi yuko wapi?"

"Yupo kitandani. Alipoiona aliniuliza mara moja tu, huyu si Kiguu wetu? Kisha akageukia ukutani. Hasemi, hali, maji hataki. Mapigo ya moyo wake nayasikia mpaka nilipo, na unajua daktari alivyosema. Watu wameshaanza kuleta viti."

"Mwambie ni kosa la mitambo."

"Nimwambie mtoto ni mzima?"

Swali lilikuwa jepesi na jibu lake ni neno moja. Mama Kiguu alilifungulia mdomo. Macho yake yakaangukia ile nukta, na neno halikutoka.

"Nipe muda kidogo," alisema.

*

Kiongozi wa mashindano aliingia turubaini kama upepo. "Chama kizima kinanipigia simu! Mmemzika mkimbiaji wangu hewani!"

"Ni mtoto wetu," alisema Baba Kiguu.

Yule mama akautazama uso wa mmoja, akautazama wa mwingine, kisha akachukua redio yake na kuuliza kituo cha mwambani kama Kiguu amepita. Redio ikakwaruza. Hajapita. Wawili walioanza baada yake walikuwa wamepita.

"Nukta yake ilisimama hapa," Mama Kiguu alionyesha kwa kidole.

"Kinamasi." Alikitazama kwa makini. "Kile kifaa huanguka. Mkanda ukikatika kinabaki matopeni na mtu anaendelea na safari yake."

"Na mtu mwenyewe?"

Yule mama hakuwa mtu wa kumpaka mtu mafuta. "Mtu mwenyewe naye huanguka," alisema. "Nimeshawaambia watu wa huduma ya kwanza wakae tayari. Lakini msitu ni mkubwa, na nikiwaingiza sasa, hawajui waanzie wapi. Anayetoka kinamasini lazima auvuke uwanda ulio nyuma ya kile kilima. Tumpe nafasi kidogo. Asipoonekana, tunaingia wote."

"Nitakwenda kilimani mimi," Mama Kiguu alisema.

"Nenda. Ila ukimwona, usimwite, usimwonyeshe kitu. Mtu wa nje akimsaidia, anaondolewa mashindanoni."

Baba Kiguu alikuwa ameinuka, simu mkononi. Ufundi haukuwa umemtoka. "Sikiliza, mke wangu. Picha ni nzito, haipiti. Sauti ni nyepesi, hapa na kule juu itapita. Nimeshaunganisha simu yako na matangazo, sauti ikiingia, kinanda hunyamaza chenyewe. Ukisema, watu wote watasikia, na jirani amemwekea Mama simu kitandani. Sema sasa hivi. Sema Kiguu yu hai."

"Nitasemaje, na sijui?"

"Sema tu! Mama atakufa kule!"

"Nimetangaza ndoa za watu nikasema wanapendana kufa na kupona, na sikujua lolote," Mama Kiguu alisema. "Hilo la harusi, na nisamehewe. Hili siwezi, Baba Kiguu. Nikisema yu hai kisha isiwe hivyo, mama yako atakuwa amefiwa mara mbili kwa siku moja."

Akaichukua simu, akaisogeza mdomoni. Haikuwa sauti yake ya ukumbini.

"Mnaonisikia, mimi ni mama yake Kiguu. Hiyo picha mnayoiona ni kosa letu, la mitambo yetu. Hakuna habari yoyote mbaya tuliyopewa. Lakini mtoto mwenyewe bado sijamwona kwa macho yangu, na sitawadanganya. Mama, nakuambia wewe hasa. Ninakwenda kumtazama. Nisubiri, tafadhali. Usiende popote."

*

Alikuwa amevaa viatu vya ukumbini, vya kung'aa, na kabla hajafika nusu ya kilima alivivua akavishika mkononi. Alipanda huku akisema, kwa sababu aliogopa kwamba akinyamaza Bibi ataelewa vibaya. Alisema jinsi nyasi zilivyo. Alisema kwamba anahema, asionekane analia, ni unene tu. Kule nyumbani, watu waliokuja na viti vyao walisikia mwanamke akigombana na mwiba, akiuchomoa, akiomba radhi.

Alipofika kileleni, maneno yakamkauka.

Chini ya turubai msitu ulikuwa karatasi ya kijani yenye mistari. Hapa ulianzia miguuni pake ukaenda mpaka macho yakachoka. Ulipanda, ukashuka, ukapanda tena, na wala haukuwa na rangi moja. Palikuwa na mabonde meusi, mapande ya mwamba, vilima vilivyobebana, na mbali upande wa kushoto palimeta maji chini ya matete, mapana kupita alivyofikiri. Kwenye ramani kinamasi kilikuwa kama ukucha wa kidole. Mtoto wake aliingia humo peke yake, bila simu, bila mtu wa kumuuliza, na karatasi mkononi. Kwa hiari yake. Jumapili baada ya Jumapili, wakati yeye akiwatangazia watu keki.

"Mama," alisema kwenye simu, taratibu. "Msitu ni mkubwa. Sikuambiwa kwamba ni mkubwa hivi."

Kisha akaanza kuwaona. Huwezi kuwaona mara moja. Ni lazima jicho lizoee. Kijana mmoja alichomoza kutoka kwenye miti upande wa kulia, akavuka uwanda akikimbia, ramani ameikunja na kuishikilia kwa kidole gumba, akaingia kwenye miti upande wa pili. Msichana akatokea kwingine kabisa, akasimama pumzi mbili, akageuza ramani, akaondoka kwa pembe ambayo hakuna njia wala dalili ya njia. Hawakuangaliana. Hawakupiga kelele. Kila mmoja alikwenda kwake kana kwamba ardhi yenyewe ilikuwa inamnong'oneza, na mmoja ikimwambia hivi, mwenzake ikimwambia vile. Mama Kiguu amesimama mbele ya maelfu ya watu waliopambwa, na hajawahi kuona kitu kilichomtisha kwa uzuri namna ile. Aliona haya kwamba alikiita kupotea.

Alimsimulia Bibi habari za mmoja mmoja. Mwenye kaptura nyeusi. Mwenye nywele za mkia. Kila aliyetokea moyo wake ulipanda, na kila aliposema "siye," sauti ilimshuka kidogo zaidi. Mpaka hapakutokea mtu tena, na uwanda ukabaki mtupu, upepo ukipita juu ya nyasi.

Alikuwa ameshageuka ateremke, akawaambie waingie wote, alipoona matete yakitikisika.

Kikatoka kitu chenye rangi ya tope kutoka kichwani mpaka miguuni. Kiliinama, kikaweka mikono magotini, kikatema. Kisha kikaanza kukimbia. Na mama anaujua mwendo wa mwanawe hata ukiwa umepakwa tope. Ule mguu wa kushoto unaotupwa nje kidogo, aliorithi kwa baba yake.

Simu ilikuwa mdomoni na hakusema kitu, kwa sababu hapohapo aliona jambo jingine. Chini kabisa ya kilima, kando ya kichuguu, palikuwa na kibendera cheupe na cha rangi ya machungwa, kinapepea wazi kabisa. Na Kiguu alikuwa anakwenda kwingine. Alikuwa anakiacha. Kila hatua ilimpeleka mbali nacho, kuelekea mahali ambapo hapakuwa na kitu ila nyasi.

*Si huko, mwanangu.* Neno lilimfika kooni. *Huku! Geuka!* Angeita mara moja tu, angesikika bonde zima. Sauti hiyo ndiyo aliyopewa. Tangu mtoto huyu azaliwe, hiyo ndiyo imekuwa kazi yake: si huko, geuka, rudi, pita hapa. Akaweka kiganja mdomoni, juu ya kiganja akaweka na kiatu. Watu wa nyumbani walisikia upepo tu, na pumzi za mtu aliyebanwa. Jirani alisimulia baadaye kwamba hapo ndipo Bibi alipojigeuza kutoka ukutani na kukaa kitako, macho kwenye simu.

Kutoka kwenye miti akatokea kijana mmoja, mbio, moja kwa moja mpaka kwenye kile kibendera cha kichuguuni. Akainama akasoma namba yake. Akajipiga paji la uso, akageuka na kuondoka alikotoka. Hakikuwa chake. Kilikuwa cha mashindano ya watoto, ya mchana.

Na Kiguu, kule kwenye nyasi tupu, akatumbukia. Palikuwa na shimo pale, bonde dogo ambalo kutoka kilimani halikuonekana kabisa. Akazama mpaka mabegani, akaonekana ameinama, akagusa kibendera chake, akachomoka upande wa pili akiwa ameshageuza ramani kwa ajili ya safari nyingine. Alipita chini ya mama yake, karibu kiasi kwamba Mama Kiguu alisikia viatu vilivyojaa maji vikilia. Hakuinua uso. Alikuwa anatazama karatasi, anatazama ardhi, midomo ikimcheza kidogo kama mtu anayehesabu. Akaingia mitini.

Mama Kiguu aliondoa kiatu mdomoni.

"Mama," alisema. "Nimemwona. Amepita hapa. Yu hai, ana miguu yote miwili. Hakuniona." Akapangusa uso kwa mkono wa gauni. "Sikumwita, Mama. Ningempoteza."

*

Kiguu alimaliza, lakini si miongoni mwa waliochukuliwa timu. Walimkuta ameketi kwenye majani karibu na mstari wa mwisho, anamimina maji kutoka kiatuni. Mgongoni hapakuwa na kifaa, mkanda tu uliokatika. Baba yake alisimama kando na simu yake, asijue aanzie wapi. Kurusha matangazo alikuwa ameacha. Kamera ya shemeji ilikuwa imezinduka yenyewe, na dunia ilikuwa inatazama barabara.

"Mama, mbona huna viatu?"

"Viatu vyangu viache. Ulianguka?"

"Sikuanguka."

"Kinamasini. Nukta yako ilisimama. Muda mrefu, Kiguu."

"Ilikuwa kweli. Nilisimama." Alimimina kiatu cha pili. "Nilipotea, Mama."

Alilisema waziwazi, bila aibu, kama mtu anavyosema alinyeshewa.

"Niliingia vibaya kutoka kule juu. Nikawa kila ninachokiona hakifanani na ramani. Halafu mkanda ukanaswa na mti, ukakatika. Nikasimama."

"Ukasimama ufanye nini?"

"Nisimame tu. Ukishapotea, ukikimbia unazidi kupotea. Kwa hiyo nilisimama, nikaiweka ramani sawa na dira, nikatazama. Nikatazama mpaka kitu kimoja kikubali. Palikuwa na mkondo mdogo, maji yanakwenda upande ambao sikutegemea. Nikautafuta kwenye ramani. Ulipokubali huo, vingine vyote vikakubali."

"Na wenzako walikuwa wanapita?"

"Nawasikia kabisa."

"Hukuogopa?"

"Niliogopa sana. Nilitaka kuwafuata. Lakini wao walikuwa wanakwenda kwao."

Mama Kiguu aliwaza saa ile. Mjini, nyumba yao imejaa viti. Bibi amegeukia ukutani. Baba mtu anabonyeza kompyuta iliyokufa, yeye anapanda kilima pekupeku, watu wasiowajua wanaandika apumzike kwa amani; na katikati ya yote hayo, maji magotini, huyu mtoto wake amesimama kimya anatazama mkondo unaelekea wapi. Hakuna hata mmoja wao ambaye angeweza. Yeye mwenyewe, akipotea, huanza kusema. Alimtazama huyu msichana aliyemzaa, tope limemkauka kwenye nyusi, na heshima iliyomjaa ilikuwa ya aina ambayo mtu huwa anawawekea wakubwa wake.

Simu ya Baba Kiguu ikaita. Aliitazama, akamkabidhi binti yake.

"Bibi, shikamoo," alisema Kiguu. Akasikiliza. Uso ukaanza kumbadilika. "Bibi? Bibi, nipo. Ni mimi... Nimeloa tu." Akaufunika mdomo wa simu, akawatazama wazazi wake mmoja baada ya mwingine. "Bibi analia, na nyuma yake kuna watu wengi. Nani amefariki?"

Baba Kiguu akaanza kukunja waya ambao ulikuwa umekwisha kukunjwa. Mama Kiguu akaketi majanini na gauni lake la kazi, bega kwa bega na lile tope.

"Tutakueleza," alisema. "Zungumza naye kwanza. Mwambie ulivyosimama."